Mrejesho: Mimi na wife tumerudi kutoka Vietnam

Wakuu habari, niliwauliza kuhusu kutoka Hanoi (kaskazini) mpaka Saigon (yaani Ho Chi Minh City, kusini) na mabegi ya mgongoni, kama tupande basi au treni, na msosi wa halali tutaupata wapi. Asanteni sana mliotushauri treni.

Reli ni kama km 1,726 lakini hatukwenda moja kwa moja, tulishuka mji wa Hue ulio katikati ya nchi, kipande cha Hue mpaka Da Nang ndo usikose kabisa, treni inapita eneo la milima la Hai Van, mlima upande mmoja bahari upande mwingine, ukielekea kusini kaa kushoto. Mabasi ya usiku yana vitanda ila mtu mrefu miguu inateseka.

Msosi: Hanoi kuna msikiti wa Al-Noor mtaa wa Hang Luoc, Saigon upo ule wa mtaa wa Dong Du, jirani zake kuna migahawa ya halali. Kwingine tulikula mboga na samaki, wife aliipenda mno kahawa ya yai, mimi hapana.

Barabarani bodaboda ni nyingi ajabu, vuka taratibu kwa mwendo uleule, usikimbie wala usisimame ghafla, wenyewe wanakukwepa.

Hela muwe makini jamani, noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya bluu, usiku unaweza kutoa kubwa ukidhani ndogo, sisi tulizitenganisha mifuko tofauti. Viza tuliomba mtandaoni kabla ya safari, siku hizi wanatoa mpaka siku 90. Mwenye swali aulize tu.