Naomba ushauri: mikroplastiki katika maziwa ya mama

Mama Imani, Umoja
Wanajukwaa, naomba mnisaidie kwa mawazo, kwa kuwa sijapata usingizi mzuri kwa siku kadhaa. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi minne, kifunguamimba wangu, na tunaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, katika jengo ambalo maji ya mfereji hutufikia mara mbili kwa wiki, hivyo tunayahifadhi katika tangi jeusi la plastiki lililo juu ya paa na katika mitungi jikoni. Hivi majuzi nilisoma kwamba watafiti wa Italia walipima maziwa ya akina mama 34 waliokuwa wamejifungua wiki moja kabla yake, wakakuta chembe za plastiki katika maziwa ya akina mama 26. Nilisoma pia kwamba chembe hizo zimekutwa katika kondo la nyuma na katika damu ya watu wazima. Tangu siku hiyo, kila nikiyafikiria maziwa niliyokuwa nikimpa mwanangu, moyo unaniuma. Je, maziwa ya mama anayeishi Nairobi, anayekunywa maji ya tangi na kula chakula kilichofungwa kwa plastiki, bado yanamfaa mtoto?

Mkazi wa Dandora
Dada, pole kwa wasiwasi, lakini naona tunalitazama titi la mama huku chanzo chenyewe kikiwa nje ya dirisha letu. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yanaendelea kumwaga. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Jua huikausha na kuidhoofisha, kisha upepo, maji na magurudumu huivunjavunja mpaka vipande viwe chini ya milimita 5, na hapo ndipo vinapoitwa mikroplastiki. Mvua ikinyesha, vipande hivyo hushuka hadi Mto Nairobi, ambao huungana na Mto Athi, nao Athi huko chini huitwa Galana, na mwishowe Sabaki, mpaka uingie baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo mvuvi wa pwani anapokea takataka zetu bila hata kutujua.

Krismasi moja, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku, nilimchinja mbuzi niliyemfuga mwenyewe hapa mtaani. Tulipolipasua tumbo tulikuta bonge la mifuko ya nailoni iliyosokotana, kubwa kama kichwa cha mtoto. Mbuzi alikuwa akila kila siku na hakunenepa, nasi tulidhani ana minyoo. Nyama tuliila, kwa sababu wageni walikuwa wameshafika, na mpaka leo najiuliza tulikula nini pamoja nayo.

Karani Mstaafu
Marufuku hiyo ilianza tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake inafika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne. Tarehe 2 Machi 2022, hapa hapa Nairobi, mtaani Gigiri, mataifa yalikubaliana kuandaa mkataba wa dunia nzima wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo yalirudi Nairobi mwezi Novemba 2023, na yale ya Geneva ya Agosti 2025 yakamalizika bila makubaliano. Nayasema haya ili dada ajue kwamba mzigo huu haukupaswa kubebwa na mama mmoja wa Umoja.

Shangazi wa Kariobangi
Sisi tulilelewa kwa kibuyu, chungu na kikombe cha bati. Maziwa yalilala katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, na hakuna aliyenunua chai moto katika kikombe cha plastiki akiwa anakimbilia matatu. Leo mama anafungua mkoba na kila kilichomo ni plastiki, hata kitambaa cha kumpangusia mtoto. Turudini tulikotoka, wanangu, kwa maana haraka hii inatuponza.

Muuguzi Mstaafu
Mama Imani, mwanangu, nimelisoma bandiko lako mara mbili. Umeandika "maziwa niliyokuwa nikimpa". Hukuandika "ninayompa". Nilifanya kazi katika wodi ya wazazi kwa miaka mingi, na huko nilijifunza kuzisikiliza kauli za namna hiyo. Je, unamnyonyesha mtoto kwa sasa, au umeacha? Ikiwa umeacha, anakula nini, na unakitayarisha vipi?

Mama Imani, Umoja
Sikutaka kulitaja kwa sababu nilijua nitasemwa. Ni kweli, leo ni siku ya tisa tangu nimwachishe ziwa. Lakini naomba mnielewe kwamba sikumwacha na njaa. Nilinunua maziwa ya kopo ya umri wake na chupa nne mpya za kunyonyea, ngumu, zilizoandikwa kwamba hazina kemikali ya bisifenoli A. Kila usiku nazichemsha katika sufuria. Mchana natia unga ndani ya chupa, namimina maji yanayofuka mvuke kutoka kwenye chupa ya chai, nafunga na kutikisa kwa nguvu mpaka mabonge yaishe. Akibakisha, naitia chupa katika maji moto ili yapate joto tena. Wiki ijayo likizo yangu ya uzazi inakwisha na narudi kazini, kwa hiyo ni lazima azoee chupa. Mimi naona nimechagua njia iliyo safi zaidi, na nilichotaka kujua ni kama maziwa ya mama kweli yana hatari hiyo, ili roho yangu itulie.

Muuguzi Mstaafu
Hapo ndipo penye tatizo, na nakuambia kwa upendo. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity, jijini Dublin, walizipima chupa za kunyonyea za polipropilini, ambayo ndiyo plastiki inayotumika katika chupa nyingi za aina hiyo. Walifuata hatua za kutayarisha maziwa kama unavyofanya wewe, kwa maji moto na kwa kutikisa, wakakuta chupa zinaweza kutoa chembe zinazofikia milioni 16 katika kila lita, na kadiri maji yalivyozidi joto ndivyo chembe zilivyoongezeka. Maandishi kuhusu bisifenoli A yanazungumzia kemikali moja tu; hayaizuii plastiki yenyewe kumeguka. Kwa hiyo, mwanangu, ulikuwa ukizikimbia chembe za plastiki, na njia uliyoishika imekupeleka mahali zilipo nyingi zaidi.

Hata hivyo usiache kuchemsha, kwa maana kuhara kunaua watoto wachanga, ilhali madhara ya chembe hizi kwao bado yanachunguzwa. Badilisha utaratibu. Chupa zikishachemshwa, zisuuze kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Unga ukoroge katika jagi la kioo au sufuria safi ya chuma kisichoshika kutu, kwa maji yasiyopungua nyuzi joto 70, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Yaache maziwa yapoe humo, ndipo uyamimine katika chupa, na yaliyobaki usiyapashe tena ndani yake, yamwage. Lililo bora zaidi ni kumnywesha kwa kikombe kidogo. Tuliwafundisha hivyo akina mama wengi wodini, hata wenye watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na kikombe husafishika vizuri kuliko chuchu ya mpira.

Lakini kabla ya kikombe kuna titi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, na wale watafiti wa Italia wenyewe hawakuwaambia akina mama waache. Siku tisa si nyingi. Mweke kifuani mara kwa mara, usiku hasa, na ukamue baada ya kila mara anaponyonya. Maziwa hurudi. Nenda pia kliniki ukaonane na mhudumu ana kwa ana, kwa kuwa mimi simwoni mtoto.

Muuza Mitumba
Nami niseme la kwangu. Kwa miaka mingi nimeuza nguo za mtumba katika soko la Gikomba, na sikujua kwamba nyuzi za sweta zilikuwa sehemu ya habari hii. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, kilionyesha kwamba kufua kilo 6 za nguo za akriliki, ambayo ni aina ya plastiki, kunaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000. Ninapolikung'uta belo asubuhi, jua likipenya katika mabati, naliona vumbi likielea kama unga, na vumbi hilo ndilo tunalolivuta siku nzima. Kohoo langu huwa na rangi ya nguo nilizofungua. Dada, mtoto mtandikie shuka la pamba na ufagie kwa kitambaa chenye maji.

Mkaguzi
Nasita kusema, lakini hadithi hii hainikai vizuri. Mtoto ana miezi minne, na likizo ya uzazi nchini Kenya ni miezi mitatu. Likizo hiyo inakwishaje wiki ijayo? Tena mwenye mada hii amejisajili jukwaani wiki hii. Nimewahi kuona mada zinazoanza kwa machozi na kuishia kwa nambari ya simu ya mtu anayeuza vichungi vya maji. Na hata hii habari ya mikroplastiki imetiwa chumvi: mnakumbuka tulivyoambiwa kwamba kila mtu humeza plastiki yenye uzito wa kadi ya benki kila wiki, kisha wataalamu wengine wakalikosoa hesabu lile kuwa ni kubwa mno?

Mwanafunzi wa Ngara
Kuhusu kadi ya benki uko sahihi, na ni vizuri umelitaja. Lakini kukosea kwa hesabu moja hakuifuti nyingine. Mwezi Machi 2024 madaktari wa Italia walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mshipa wa shingoni. Kati yao, asilimia 58 hivi walikuwa na polithilini, aina ya plastiki, katika utando wa mafuta ulioondolewa, na hao walipatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo mara nne na nusu zaidi ya wenzao katika muda wa miezi 34 hivi. Utafiti huo hauthibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha. Unatosha kumfanya mtu awe mwangalifu, na hautoshi kumfanya mama aogope kifua chake.

Mama Imani, Umoja
Siuzi chochote, na nambari yangu ya simu hamtaiona hapa. Miezi mitatu ya uzazi iliisha, nikaunganisha likizo yangu ya mwaka ya siku 21 za kazi, na hiyo ndiyo inayomalizika wiki ijayo. Nilisema "likizo ya uzazi" kwa sababu ndani ya nyumba tunaiita hivyo yote.

Lakini kwa kuwa mmenishika hapo, niseme lililobaki. Siku niliyoisoma ile habari ya Italia ndiyo siku niliyopiga simu kazini kuuliza kama kuna mahali pa kukamulia maziwa. Niliambiwa kwamba kuna choo na kuna stoo ya karatasi, nichague. Usiku ule nilisoma habari za plastiki mpaka saa nane, na kila nilichokisoma kiliniambia kwamba kumwachisha ni kumlinda. Sikudanganya kuhusu hofu, hofu ilikuwa ya kweli. Ila ilikuja wakati nilipoihitaji. Na chupa zilikuwa zimeshanunuliwa, pesa zilikuwa zimeshatoka, na mama mkwe alikuwa ameshasifu jinsi mtoto anavyolala. Ningewaambia nini?

Mkaguzi
Dada, nimekosea, uniwie radhi. Mke wangu alikamulia chooni kwa wiki mbili, akaacha. Sikumuuliza sababu.

Karani Mstaafu
Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na choo hakihesabiwi. Inampa pia mama muda wa kukamua au kunyonyesha katika saa za kazi. Andika barua yenye tarehe, kwa adabu, uitaje sheria hiyo kwa jina, na ubaki na nakala. Simu haiachi alama.

Fundi wa Mabomba
Swali la tangi halijajibiwa. Lifunike, lioshe kila baada ya miezi michache, na maji ya moto usiyaweke katika mtungi wa plastiki. Kuchemsha husaidia: watafiti wa Guangzhou walionyesha mwaka 2024 kwamba maji yenye chokaa nyingi yakichemshwa, ukoko mweupe hunasa chembe, na kuchuja baadaye huondoa hadi asilimia 90 hivi. Maji yasiyo na chokaa hupungukiwa na robo tu. Birika langu, kwa maji ya bwawa la Ndakaini, halishiki ukoko mwingi, kwa hiyo sitarajii makubwa. Lakini usikimbilie maji ya chupa, maana mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Columbia kilihesabu wastani wa vipande 240,000 katika lita moja ya maji hayo, vingi vikiwa vidogo mno kupita mikroplastiki za kawaida. Chemsha, acha yapoe, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, hifadhi katika chungu au chuma.

Mama Imani, Umoja
Nimerudi baada ya siku tano. Kliniki walimpima Imani, uzito wake ni mzuri, na nesi alikaa nami kama saa nzima. Siku mbili za kwanza alilikataa titi na kulia mpaka jirani akagonga mlango. Juzi usiku alinyonya akiwa na usingizi, upande wa kushoto, na leo alfajiri amenyonya pande zote mbili. Bado hashibi, hivyo namwongezea ya kopo kwa kikombe kidogo cha chuma, yakiwa yameshapoa. Humwaga mengi kifuani. Barua nimeipeleka kazini na nakala yangu imepigwa muhuri, jibu bado.

Zile chupa nne nimeziosha nikaziweka juu ya kabati. Nilitaka kuzitupa, nikamkumbuka Mkazi wa Dandora. Kuna anayejua zinapoweza kupelekwa?