Vijana wangu wanapichi kama wanakariri ngonjera, nianzie wapi?

JaNyalenda
Wadau habari zenu. Niko Kisumu, nimeombwa nisaidie vijana 11 hapa mtaani, wiki 5 zijazo wanasimama mbele ya wawekezaji, dakika 3 za kupichi, yaani kueleza biashara ili waweke pesa, halafu maswali dakika 5. Biashara zenyewe si mbaya, kuna mmoja anafuga funza wa BSF (wa yule nzi black soldier fly) kwa taka za sokoni anauzia wenye kuku, mwingine anasuka vikapu na gugumaji la ziwani, wengine ni app app tu mnajua. Shida wameshika maneno kichwani kama ngonjera ya shule, ukimkatiza kidogo amepotea, anarudi tena "waheshimiwa majaji" kutoka mwanzo. Na swali la pesa ndio linawamaliza. Jana nimeuliza huyo wa funza kilo moja inamgharimu ngapi, akaniangalia kama nimemtusi. Wenye mmewahi kufunza watu hii kitu, mnaanza na slaidi ama?

mama_layers_nax
Mwalimu slaidi wacha kwanza. Mimi nilipitia mafunzo kama hayo huku Nakuru nikiwa na kuku 200, tukajazishwa slaidi 15 zenye rangi zote, siku yenyewe nikaulizwa trei moja inanikula pesa ngapi kabla sijauza, nikajibu "inategemea". Hiyo inategemea ndio ilinizika. Nikarudi nyumbani nikaandika kila kitu mwezi mzima, chakula, chanjo, kuku waliokufa, boda ya kupeleka mayai mjini, mpaka maranda, nikakuta trei nauza 330 na inanikula 310, yaani mwaka mzima nilikuwa nalisha kuku wa watu. Kwa hivyo kila kijana aje na daftari ama statement ya till ya M-Pesa ya miezi 3, mkae nayo chini. Mwenye hana hata moja huyo bado hana kitu cha kupichi, mwambie mapema asiumie mbele ya watu.

omera_wa_kano
Naunga mama mkono, na ongeza kiti moto. Mmoja anakaa katikati, hao 10 wanamrushia maswali nusu saa, hakuna hotuba hakuna slaidi. Kila swali lililomshinda linaandikwa ukutani. Baada ya wiki mbili majibu yake mazuri ndio unayapanga yanakuwa pichi, na hapo hata akikatizwa hapotei kwa sababu hakukariri, anajua.
Pia huyo wa funza mwambie akueleze kwa Dholuo kwanza, kama anaelezea nyanya yake. Nimeona kijana anauza vizuri sana soko la Kibuye siku ya Jumapili, mpe Kizungu na maikrofoni anakuwa jiwe.

Lurambi254
Hapo kwa Dholuo mimi na wewe hatupatani bro, wawekezaji wengi wanatoka Nairobi na fomu zote ni Kizungu, wazoee mapema. Sawa wafikirie na lugha yao lakini wiki ya mwisho iwe Kizungu tupu.
Kitu hamjagusa ni hisa, yaani sehemu ya biashara unayompa mwenye kuleta pesa. Hawa watoto wameangalia Shark Tank, kile kipindi cha TV cha Marekani cha kupichi, wanafikiri ni kutaja namba tu. Tulikuwa na mmoja hapa Kakamega akaomba milioni 1 kwa asilimia 10. Haya piga hesabu, hiyo ni kusema biashara yote ni milioni 10, na alikuwa anauza 40,000 kwa mwezi, mwaka mzima haifiki hata laki tano, na hayo ni mauzo si faida. Jaji alicheka tu. Na wajue kama wanataka mwenzao kwenye biashara ama wanataka mkopo, kwa sababu mikopo ya serikali kama Uwezo Fund au Hustler Fund hakuna anayekuuliza hisa, unarudisha tu. Wengine nimewaona wanaomba investa na wanachohitaji ni elfu 60 ya kununua mashine.

JaNyalenda
Asanteni sana, mama layers hiyo ya 310 imeniuma mimi mwenyewe lol. Leo tumefanya kiti moto, wa vikapu amelia kidogo lakini akarudi, na wa app wawili wamekubali hawana hata mteja mmoja wa kulipa. Wa funza amepata gharama yake ya kilo, amesahau tu kuhesabu mkokoteni wa kubeba taka. Sasa anauliza, siku hiyo abebe funza wazima ama picha inatosha?

mama_layers_nax
Abebe, mtu akiona wanavyokula taka hahitaji slaidi. Lakini kwa chupa yenye kifuniko tafadhali 😂

omera_wa_kano
Na asimpe jaji ashike kabla ya chai.