Tupeane uzoefu: bendi zako tano za rock, na nani alikuambukiza?

Mzee wa Kanda
Habari za jioni wadau. Leo nimepita mitumbani Karume nikakuta kijana muuzaji kavaa fulana nyeusi yenye ile pembetatu ya jalada la Pink Floyd, mwanga mweupe unaingia upande huu, upande wa pili zinatoka rangi za upinde wa mvua. Nikasimama kama nimeona ndugu. "Mdogo wangu, humo unaupenda wimbo gani?" Akaniangalia juu mpaka chini. "Mzee, hii ni ya kampuni ya rangi. Elfu saba, chukua."

Nimerudi nyumbani mnyonge. Hebu tuweke orodha zetu, na usilete majina matupu, sema ilikuwaje. Yangu:

1. Pink Floyd. Mjomba alikuwa baharia, mwaka 1984 aliniachia kanda ya TDK ya dakika 90. Upande A The Dark Side of the Moon, upande B Wish You Were Here. Utadhani albamu zile zilipimwa kwa kanda: kila moja dakika arobaini na kitu, na upande una 45. Jirani akataka nimrekodie, akaleta kanda ya 60. "Us and Them" ikamkatikia katikati. Alikaa nao hivyo hivyo miaka. Siku nilipompigia mzima alinuna, akasema wameuharibu kwa kuurefusha.
2. Queen.
3. Dire Straits. Mark Knopfler anapiga gitaa kwa vidole vitupu. Nilijaribu mwaka mzima nikaambulia malengelenge.
4. Led Zeppelin.
5. Scorpions, na msinicheke, kulikuwa na msichana.

Kaptula Nyeusi
Scorpions kwa ajili ya msichana, hapo sote tumepita mkuu.

bint_Shangani
Queen namba mbili? Kwa ruhusa ya nani?

Mimi nimekua napita mbele ya ile nyumba ya Shangani wanayosema aliishi Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Nikiwa mdogo niliwahi kumwona mama wa Kizungu kasimama pale analia, nikakimbia nyumbani kumwambia bibi kuna msiba kwa jirani. Bibi akacheka, hakuniambia kitu. Nilikuja kuelewa nimeshakuwa msichana, binamu yangu alipokuja likizo kutoka Muscat na DVD ya Live Aid, lile tamasha la hisani. Wembley, 13 Julai 1985, dakika kama ishirini tu, na uwanja mzima unapiga makofi kwa pamoja kama watu wa maulidi. Kisha akanipigia Bohemian Rhapsody. Niliposikia "Bismillah" katikati ya wimbo wa Kizungu nikarudisha nyuma mara tatu, nikidhani masikio yananidanganya.

Namba moja Queen. Mbili mpaka tano sina, wengine nawasikia kwa majirani.

Mchambuzi wa Mwenge
Tuache kujipendekeza jamani. Kazaliwa Unguja 1946, sawa. Akapelekwa shule India bado mtoto, familia ikahamia Uingereza 1964, bendi ikaanzia London 1970. Wenzake wote watatu Waingereza. Uzanzibari wa Queen uko wapi?

bint_Shangani
Wewe umezaliwa Iringa unaishi Mwenge. Tukikuita Mnyalukolo utakataa?

Mchambuzi wa Mwenge
Mimi sijawa bendi.

Fundi Redio
Katika Queen, mpiga gitaa Brian May ndiye wa kwangu. Gitaa lake alilitengeneza na baba yake nyumbani, shingo yake imechongwa kwa mbao za fremu ya meko ya zamani ya ukutani, na analipiga kwa sarafu. Niliposoma hilo nikang'oa ubao wa kabati la mama. Gitaa halikutokea, kipigo kilitokea.

Msee wa Bass
Niko Nairobi. Linkin Park namba moja, na hakuna mjadala. Form two, boarding, earphone moja watu wawili, mwenye sikio la kushoto anasikia Mike Shinoda na wa kulia anabahatisha. Tuliandika maneno ya In the End nyuma ya daftari la kemia, mwalimu akadhani ni mashairi yangu, akaniita ofisini kuniuliza kama nyumbani kuko sawa.

Usiku habari zilipokuja kwamba mwimbaji wao Chester amefariki, Julai 2017, nilikuwa kwa matatu naenda Rongai. Muziki uko juu, viti vinatetemeka. Nikamwomba konda apunguze. Akaniuliza nini mbaya, nikamwambia nimefiwa. "Ni ndugu yako?" Nikasema ndiyo. Wakazima kabisa mpaka nikashuka. Sijawahi kusema uongo tena wa aina hiyo na pia sijajuta.

Mbili Nirvana, tatu Metallica, nne System of a Down, tano naachia wazi.

Kaptula Nyeusi
Na huyu dada waliyemweka 2024, Emily, unamsikiliza?

Msee wa Bass
Hapana.

Dada Mkali
Shida yenu mnataka bendi izikwe na mtu. Waliobaki wale nini? Mimi Linkin Park mpya naipenda na sitaomba msamaha.

Mzee wa Kanda
Kuna wenye heshima zao. John Bonham alipofariki Septemba 1980, Led Zeppelin walifunga duka. Hawakutafuta mpiga ngoma mwingine wa kuzunguka naye.

Dada Mkali
Na Queen wanaozunguka na Adam Lambert je? Nenda kamwambie bint_Shangani wafunge duka.

bint_Shangani
Mimi msiniingize.

Reli ya Uhuru
Naona wote mmetazama Ulaya na Marekani. Baba yangu alikuwa fundi TAZARA, na kila akirudi kutoka Kapiri Mposhi alikuwa na sahani ya santuri chini ya nguo. Zambia miaka ya 70 walikuwa na rock yao, gitaa zenye mkwaruzo kama msumeno. WITCH ndio wakubwa, na jina ni ufupisho wa maneno ya kusema wamekuja kuleta vurugu. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda walimpachika jina Jagari, kutokana na Mick Jagger. Kuna Amanaz, kuna Paul Ngozi, kuna Musi-O-Tunya. Bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukalegea, baadaye UKIMWI ukawamaliza wengi wao. Santuri za baba zililiwa na joto la bati, zikapinda kama chapati. Orodha yangu ni hao, kuanzia WITCH. Kuna mwingine humu anawajua?

Mgeni Kidogo
Samahani wakubwa, mimi nataka kuanza kusikiliza rock. Nianzie wapi?

Kaptula Nyeusi
Anza na Scorpions, taratibu, zile za mapenzi.

Msee wa Bass
Usianze na Scorpions. Hutatoka huko.

Mkwe wa Marangu
Ngoja niseme tu, miaka imeshapita. Namba moja yangu ni AC/DC, na walinivua nguo ukweni.

Ilikuwa 2011, msiba wa baba mkwe. Mimi mtu wa Tanga nimeoa Uchagani, mkwe wa kwanza, kwa hiyo macho yote kwangu. Wakati huo nina simu ya Mchina, laini mbili, spika ya mnadani. Mlio niliukata mwenyewe kutoka Hells Bells. Wanaoujua wanajua: mwanzo ni kengele tupu. Inagonga, inanyamaza, inagonga. Gitaa linakuja baadaye.

Tuko kaburini, kihambani, migomba imetuzunguka, matope maana ilinyesha usiku kucha. Nimeshika shada kubwa kwa mikono miwili. Mchungaji amefika kwenye mavumbi kwa mavumbi. Kimya. Mara: NGOOO.

Moyo ukanitoka. Lakini ajabu, hakuna aliyenigeukia. Kanisa liko juu kidogo mlimani, watu wakadhani ni kengele ya huko. NGOOO. Mama mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Wamemkumbuka." Mchungaji naye akanyamaza, akainamisha kichwa, anasubiri imalize. Mimi peke yangu kwenye umati ule ndiye ninayejua kinachofuata. Simu iko mfuko wa ndani wa koti la suti, suti imefungwa vifungo, juu yake nina koti la mvua la shemeji. Nikaanza kuomba, na Mungu anisamehe, sikuwa namwombea marehemu. Nilikuwa naomba anayepiga akate.

Hakukata. Gitaa likaingia, kwanza la chinichini, watu wakaanza kuzungusha shingo. Mke wangu hakuzungusha. Alinitazama moja kwa moja. Nikaachia shada, nikaanza kupapasa vifungo, kimoja kikaruka kikatumbukia kaburini. Ngoma zikaanza. Watoto waliopanda mparachichi wakaanza kutikisa vichwa. Nilipoipata simu nikabonyeza siko, nikapokea, tena kwa spika ya nje: "Bosi, wali tumeshapakua, soda ziko wapi?"

Baada ya matanga nikaitwa kwenye kikao cha ukoo. Mbuzi mmoja, mbege, na nikafundishwa kushika jani la sale la kuombea msamaha. Mpaka leo ukweni naitwa Baba Kengele.

Kaptula Nyeusi
SODA ZIKO WAPI. Nimecheka mpaka wapangaji wamegonga ukuta.

Dada Mkali
Nakazia. Huyu apewe uzi wake.

Mama Kijacho
Samahani, kifungo kilitolewa?

Mkwe wa Marangu
Kifungo gani mama, pale nani angeshuka?

Mama Kijacho
Yaani kifungo cha nguo yako kimezikwa na marehemu na wewe unaandika hapa unacheka? Nenda kazungumze na wazee wa huko, hilo si la kuachwa.

Mchambuzi wa Mwenge
Ushirikina huu. Kifungo cha plastiki kitamfanya nini?

Mama Kijacho
Sijakuuliza wewe. Baba Kengele, tangu siku hiyo mambo yako yanakwenda?

Mkwe wa Marangu
Biashara ya duka ilikufa 2013, lakini nilikuwa nakopesha sana.

Mama Kijacho
Haya.

Fundi Redio
Mkwe, kwenye kile kikao ulikosa wakili. Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC, alifariki Februari 1980. Wenzake wakamchukua Brian Johnson, na Julai mwaka huo huo wakatoa Back in Black. Jalada ni jeusi kwa ajili ya maombolezo, na kengele ile inayofungua albamu ni kwa heshima ya marehemu. Sasa niambie, kosa lako ni lipi? Ulipiga wimbo wa msiba msibani.

Mkwe wa Marangu
Hii ningeijua 2011 ningeokoa mbuzi.

Dada Mkali
Na Msee wa Bass asome hapo. Miezi mitano tu na mwimbaji mpya, na ikawa albamu yao kubwa kuliko zote.

Msee wa Bass
Nimesoma. Bado sitaki.

Reli ya Uhuru
Nimeandika habari za Zambia huko juu, naona kengele imezima kila kitu.

Mzee wa Kanda
Reli, nimekuona. WITCH niliwahi kuwasikia mara moja kwa rafiki Mbeya, sikujua hata jina. Hizo santuri zilizopinda usizitupe. Zibane katikati ya vioo viwili, ziweke palipo na joto dogo, zitanyooka.

Fundi Redio
Zitavunjika. Usimsikilize.

Kocha Mstaafu
Bendi ni Sikinde na Msondo. Haya mengine ni kugombana na umeme.

Penzi la Zamani
Mbona hamjawataja Michael Learns to Rock? Mimi nilichumbiwa kwa nyimbo zao.

Mchambuzi wa Mwenge
Hao jina lenyewe linasema bado wanajifunza.

Penzi la Zamani
Wanajifunza tangu 1988 na ndoa yangu ipo. Wewe mwenye Metallica yako umeoa?

Mchambuzi wa Mwenge
Leo nimekosea nini humu?

Mgeni Kidogo
Nimesikiliza Hells Bells. Mama kaingia chumbani anauliza nani kafa.

Kaptula Nyeusi
Tayari umehitimu.

Msee wa Bass
Sasa sikiliza Nirvana, ile waliyopiga New York Novemba 1993, gitaa za kukaa kwenye kiti, maua meupe na mishumaa jukwaani. Weka earphone na usimwite mama.

bint_Shangani
Maua meupe na mishumaa? Na hiyo ni msiba tu basi.

Msee wa Bass
Mwimbaji wao Kurt Cobain mwenyewe aliagiza yawe maua kama ya mazishi. Aprili iliyofuata akafariki, miaka 27.

Mama Kijacho
Mnaona? Vitu hivi havichezewi. Kifungo kile mkatafute.

Mzee wa Kanda
Nimebadilisha orodha. AC/DC wanaingia namba tano, Scorpions wanakaa benchi. Kesho narudi Karume kuinunua ile fulana, elfu saba si pesa. Baba Kengele, ukienda ukweni simu iwe kwenye mtetemo.

Mkwe wa Marangu
Simu siku hizi naiacha kwenye gari. Mama mkwe mwenyewe ndiye anayeniuliza, "Leo hukuja na kengele?"

Kaptula Nyeusi
Subirini kwanza. Scorpions benchi? Na yule msichana je?

Mzee wa Kanda
Aliolewa na yule jirani wa kanda ya 60.