Mama yangu (79) ameanza kuchanganyikiwa usiku, kila mtu anasema ni uzee. Naomba ushauri

Kitindamimba

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauweka kama ulivyo, mnisaidie.

Mama yangu ana miaka 79, yuko Machame, wilaya ya Hai, na dada wa kazi pamoja na kaka yangu ambaye anashinda shambani. Mimi niko Dar. Presha anayo tangu 2006, na sukari iligundulika kama miaka kumi iliyopita. Mpaka Pasaka alikuwa mzima kabisa. Anakata majani ya ng'ombe mwenyewe, anaimba kwaya ya akina mama usharikani, na namba za simu za watoto wake wote saba zilikuwa kichwani.

Wiki tatu zilizopita akaanza kuamka usiku na kumuita marehemu baba. Asubuhi yuko sawa, anakunywa chai, anauliza wajukuu mmoja mmoja kwa jina. Jua likizama tu anabadilika. Ameanguka mara mbili akienda chooni usiku, na mara ya pili alipasuka juu ya nyusi akashonwa nyuzi nne. Ijumaa nikapanda basi. Nilimkuta amekaa kitandani anachambua shuka kwa vidole, anatoa kitu upande huu anaweka upande ule. Nikamuuliza, mama unafanya nini? Akanijibu kwa upole kabisa: "Nachambua maharage, mwanangu, hebu niletee ungo." Nilitoka nje nikalia kwenye migomba.

Kaka anasema ni uzee. Shangazi anasema kuna mtu kamchezea. Kwenye zahanati walimpa dawa ya usingizi ili asizunguke usiku, na mimi naona tangu aianze hali imezidi. Dawa zake nimezinakili kwenye pakiti: amlodipini na bendrofluazaidi za presha, glibenklamaidi na metformini za sukari, aspirini ndogo, amitriptilini ya miguu inayowaka moto, na hiyo diazepamu mpya ya usingizi.

Je, hii ndiyo demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu? Nimlete Dar? Na hizi dawa tuziache zote, au tufanyeje?

Mwanakijiji

Pole sana mkuu. Bibi yangu alianza hivyohivyo, mwisho akawa hatujui. Miaka 79 ni neema, uzee una mambo yake. Mtunzeni tu kwa upendo.

Nesi_Tabora

Kitindamimba, pole sana. Aliyetangulia namheshimu, lakini hapa hapana. Demensia huingia polepole, kwa miezi na miaka, mpaka familia inashindwa kusema ilianza lini. Wewe unajua ilianza lini. Mtu aliyekuwa anaimba kwaya Pasaka, leo asubuhi mzima na jioni anachambua maharage yasiyokuwepo, huyo ana kitu kinachomsumbua mwili na ubongo unapiga kelele. Kitaalamu wanaita deliriamu, na kwa mzee ni dharura kama degedege kwa mtoto.

Chanzo kinaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, malaria, upungufu wa maji, choo kigumu, mkojo kubaki kwenye kibofu, chumvi ya damu kushuka, sukari kushuka, au dawa zenyewe. Msisubiri homa, kwa sababu mzee anaweza kuwa na maambukizi makali na kipimajoto kisionyeshe kitu. Halafu huyu amegonga kichwa na yuko kwenye aspirini, lazima daktari ahakikishe hakuna damu inayovuja ndani ya fuvu.

Kesho asubuhi hospitali, si wiki ijayo. Ulizia dirisha la wazee ili asikae foleni. Kumleta Dar acheni kwanza, safari ya basi ya siku nzima na chumba asichokijua vitamvuruga zaidi. Swali langu: kuna mtu amewahi kumpima sukari usiku?

Mtumishi77

Shangazi msimpuuze. Haya mambo ya kuita marehemu usiku yanahitaji maombi, si vidonge.

Nesi_Tabora

Maombi yafanyike, nami nitamwombea. Yafanyike mkiwa njiani kwenda hospitali. Nimeshaona mama mmoja amekaa siku tisa akiombewa, kumbe sukari ilikuwa inashuka kila alfajiri.

Mfamasia_Mwenge

Nimesoma orodha ya dawa mara mbili na nimekaa chini. Naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu hili jambo naliona dukani kila wiki na linaniuma.

Mwili wa miaka 79 si mwili wa miaka 40. Figo zimepunguza kasi ya kusafisha, maji mwilini yamepungua, mafuta yameongezeka. Dawa inayokaa kwenye mafuta, kama diazepamu, kwa kijana inatoka, kwa mzee inabaki siku kadhaa, na kila usiku unaongeza nyingine juu yake. Kidonge cha jana bado kipo, cha leo kimeingia, na kesho anayumba kwenda chooni.

Mwaka 1991 daktari mmoja wa Marekani, Mark Beers, na wenzake walitoa orodha ya dawa ambazo wazee wanapaswa kuepushwa nazo inapowezekana. Siku hizi orodha hiyo inahuishwa na chama cha madaktari wa wazee cha huko. Chukua dawa za mama yetu uziweke juu ya orodha hiyo. Diazepamu imo. Amitriptilini imo, kwa sababu inazima asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kukumbuka na kuwa makini, na juu yake inakausha mdomo, inafunga choo na inazuia mkojo. Glibenklamaidi imo, kwa sababu inashusha sukari kwa muda mrefu, na mzee aliyekula uji kidogo saa moja jioni anaweza kukutwa na saa tisa usiku sukari imeisha.

Kuhusu aspirini. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao ASPREE, wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na kuendelea, ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo. Nusu walipewa aspirini ndogo kila siku, nusu kidonge kisicho na dawa. Aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi wakiwa na nguvu zao, ila iliwaongezea kuvuja damu. Kama mama hajawahi kupata kiharusi wala mshtuko wa moyo, muulizeni daktari kama kuna sababu ya kuendelea nayo.

Sasa naomba nisikilizwe vizuri: MSIACHE DAWA ZOTE GHAFLA. Presha itaruka, na amitriptilini iliyotumiwa muda mrefu hupunguzwa hatua kwa hatua. Kazi yako usiku huu ni nyingine. Chukua mfuko, zunguka nyumba nzima, weka ndani kila kidonge, kila chupa, kila dawa ya kienyeji, hata za kwenye pochi ya kwenda kanisani. Mfuko huo ndio unaokwenda nao kwa daktari.

Mlezi_Leeds

Pole Kitindamimba. Mimi nafanya kazi ya kulea wazee huku Uingereza. Mkiwa mnasubiri majibu, msibishane naye. Akisema anachambua maharage, kaa pembeni yake, mwambie wewe ni nani, uko wapi, na kwamba yuko nyumbani kwake salama. Avae miwani yake. Kama anasikia kwa shida, daktari amchungulie masikio, nta ikijaa mtu anaonekana amepotea kumbe hasikii. Usiku acheni mwanga hafifu ndani, na ndoo ya haja ndogo iwe karibu na kitanda ili asitoke nje peke yake. Tafadhali msimfunge wala kumfungia mlango kwa nje. Atapambana na atavunjika nyonga.

Kitindamimba

Wakuu, nimerudi. Mikono bado inatetemeka.

Jana usiku tuliazima mashine ya sukari kwa jirani. Saa tisa na robo, 2.8, chini sana. Alikuwa amelowa jasho na hatujui anasema nini. Tukamnyanyua, akawa anaweza kumeza, tukampa maji ya sukari kidogo kidogo kwa kijiko, na baada ya robo saa ikafika 5.1. Akaniangalia akasema, "Umekuja lini?" Nilikuwa naye siku tatu.

Na mfuko nimekusanya. Nilidhani ni dawa saba, nimezikuta kumi na moja. Kopo la Piriton kwenye droo, dada wa kazi anasema anameza kila jioni kwa ajili ya muwasho. Diklofenaki za magoti alizonunua duka la dawa kule sokoni. Amlodipini ya pili yenye jina lingine la pakiti, kwa hiyo alikuwa anakunywa mara mbili kumbe ni ileile. Na mizizi kwenye chupa ya soda, hakuna anayejua ni ya nini.

Mfamasia_Mwenge

Mungu amemsaidia mama. Piriton nayo inazima asetilikolini, kwa hiyo ukijumlisha na amitriptilini alikuwa anapigwa mara mbili. Diklofenaki inapandisha presha, inaumiza figo, na ikiwa na aspirini inatoboa tumbo. Hakuna aliyemfanyia mama ubaya. Kila mmoja alimpa dawa moja kwa nia njema, ila hakuna aliyeona mfuko mzima. Hiyo glibenklamaidi asimeze tena mpaka daktari amwone, na daktari anamwona leo.

Daktari_Mkoani

Nimefika kwa kuchelewa, walionitangulia wamesema vizuri. Naongeza mawili.

La kwanza ni presha, maana naogopa mtu atasoma hapa aende kumnyang'anya mzee wake dawa. Zamani hata sisi madaktari tulikuwa na wasiwasi kama mtu wa miaka 80 anafaidika na dawa za presha, kwa sababu dawa nyingi zilijaribiwa kwa watu wa umri wa chini ya hapo. Mwaka 2008 utafiti wa HYVET ukajibu. Wazee 3,845, wote wa miaka 80 na kuendelea. Waliopewa dawa, vifo vilipungua kwa asilimia 21 na moyo kushindwa kazi kwa asilimia 64, mpaka utafiti ukasitishwa mapema. Kwa hiyo presha ya mzee inatibiwa. Lakini angalieni walivyofanya: lengo lao lilikuwa 150 kwa 80, hawakuvuta chini kwa nguvu, na mzee ambaye akisimama presha yake ya juu ilikuwa chini ya 140 hawakumchukua.

Kwa hiyo mwambie daktari ampime mama akiwa amelala dakika tano, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Ikishuka kwa 20 au zaidi ile ya juu, umepata sababu ya kuanguka. Mwenye amlodipini mbili na bendrofluazaidi, sitashangaa. Bendrofluazaidi pia hushusha chumvi ya damu, na hilo peke yake linaweza kumchanganya mzee.

La pili ni demensia yenyewe. Huko huko Hai anakoishi mama yako, miaka ya nyuma watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakawapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Baada ya kusawazisha umri, waliokuwa na demensia walikuwa asilimia 6.4. Kwa maneno mengine, zaidi ya tisa katika kumi hawakuwa nayo. Anayesema "ni uzee tu" hajaenda kuwatazama wazee wenyewe. Baadaye wakatengeneza kipimo kinachowafaa wazee wetu, hata wale ambao hawajawahi kushika kalamu, na sehemu yake moja unampa njiti za kiberiti azipange kwa kufuata mfano. Kwangu hiyo ni kazi ya heshima kubwa, kuliko kumpa bibi karatasi achore saa halafu useme akili imekwisha. Ila kipimo cha kumbukumbu msimfanyie sasa. Subirini deliriamu ipite kabisa, ndipo mjue nini kimebaki.

Mwanakijiji

Nimesoma mpaka hapa nikampigia mama simu nimuulize naye anakunywa nini. Ana aina tisa. Asanteni.

Kitindamimba

Mrejesho, leo siku ya kumi na mbili.

Kipimo cha kichwa hakikuonyesha damu, namshukuru Mungu. Mkojo ulikuwa na maambukizi, ametibiwa. Chumvi ya damu ilikuwa chini. Presha akilala 148, akisimama 117. Daktari aliumwaga mfuko mezani, akatumia karibu nusu saa na sisi, sijawahi kuona. Ametoa glibenklamaidi, diklofenaki, Piriton, aspirini na bendrofluazaidi. Amlodipini imebaki moja. Diazepamu ilikuwa ya siku chache, imeondoka, amitriptilini inapunguzwa wiki kwa wiki. Miguu anapakwa mafuta na dada wa kazi kila jioni. Kaka ameweka taa njia ya chooni na fito ya kushikia ukutani.

Usiku wa nne analala. Hajaita baba tena. Jana nimemwomba anitajie namba ya dada yetu wa tano, akaitaja, mbili za mwisho akazikosea, akanyamaza kidogo, akaniambia, "Usinisaidie." Leo asubuhi kanipigia mwenyewe kunipa namba kamili.

Bado anachoka haraka na majani ya ng'ombe kaka ndiye anayekata. Kliniki ni tarehe 14, ndipo watampima kumbukumbu. Mfamasia, nikuulize moja: ule muwasho uliomfanya anunue Piriton haujaisha. Nimpe nini?

Mfamasia_Mwenge

Ngozi ya umri huo huwa kavu sana. Aoge maji ya vuguvugu yasiyo moto, sabuni kidogo, apakwe vaselini mwili ukiwa bado na unyevu, mara mbili kwa siku. Ukizidi wiki mbili, daktari amtazame ngozi tarehe 14, na aangalie pia sukari na figo. Mfuko ukumbuke kuubeba tena.