Nataka kuacha kazi ya stoo nifuge kuku wa mayai, nipeni ushauri

StooKipa: Wakubwa, habari za jioni. Niko Arua, Uganda, kazi yangu ni stoo, saa 12 asubuhi mpaka saa 1 usiku, na bosi hupiga simu hata Jumapili. Nimechoka kuomba ruhusa ya kwenda kuzika. Nataka kujipangia siku zangu mwenyewe. Nimeamua kuku wa mayai 300. Banda lipo, mita 10 kwa 5. Swali ni moja tu: niandike barua ya kuacha kazi mwezi huu au ningoje mayai?

Trei30: Banda linatosha, hapo ni kuku 6 kwa mita ya mraba. Sasa piga hesabu ya tumbo. Kuku mmoja hula kilo 7 hadi 8 kabla ya yai la kwanza, na yai hilo linakuja wiki ya 18 mpaka 20. Kwa 300, weka kilo 2,400. Kilo unanunua ngapi, na pesa yake iko wapi?

KaratasiKwanza: Sajili jina la biashara URSB, ofisi ya usajili, halafu TIN, namba ya mlipakodi, kutoka URA, mamlaka ya kodi. Kuku baadaye.

KijanaWaOli: Jina: "Stoo Hadi Koo Limited".

PumbaNaMukene: Ukichanganya chakula mwenyewe, chunguza mukene, yaani dagaa wa ziwani. Tia konzi moja kwenye beseni la maji: mchanga unazama, na wewe unajua umeuziwa nini. Mahindi yenye ukungu usiguse hata kwa bei ya bure. Sumu yake haiondoki kwa kuanika, na kuku hupunguza kutaga bila kuonyesha ugonjwa wowote. Na akianza kutaga mwongezee maganda ya makome, la sivyo unaokota mayai laini kama puto.

StooKipa: Asanteni. Kilo hapa ni 2,000. Pesa ipo.

Trei30: Ipo ya nani?

StooKipa: Ya kazi yangu na vyanzo vingine.

Trei30: Ndugu, vyanzo vipi?

StooKipa: Haya. Mkopo wa sacco, milioni 5, dhamana ni pikipiki ya shemeji. Marejesho 420,000 kwa mwezi, naanza mwisho wa mwezi ujao. Msinihukumu, riba yao ni nafuu. Banda limekula milioni 2. Vifaranga huadimika, nilipowapata nikachukua 300 kwa 4,500 kila mmoja. Na barua niliipeleka jana.

KijanaWaOli: Kumbe ulikuja kutafuta baraka, si ushauri. Kuku hajui Jumapili wala Idi, mzee.

Trei30: Toa milioni 2, toa 1,350,000. Umebaki na 1,650,000. Mpaka yai la kwanza utakuwa umelipa sacco mara 4, yaani 1,680,000. Kilichobaki chote ni chao na kuku hawajala hata punje. Chakula peke yake ni 4,800,000. Uza vifaranga 200 wiki hii wakiwa bado wadogo. Wanaobaki 100 watakula kilo 800, ambazo mshahara unaweza kuzinunua kidogo kidogo. Sacco waombe uanze kulipa mwezi wa 6 kuanzia sasa.

StooKipa: Nikiuza 200, banda la 300 lilikuwa la nini?

JichoLaMwewe: Jamani, mnachezewa. Mtu anajua mita za banda ila hajui kuku anakula nini? Mkopo, vifaranga, barua, vyote vimekuja kwa mpangilio wa tamthilia. Kesho ataleta namba ya kumchangia.

KaratasiKwanza: Hata mimi nilishaanza kunusa. Ndiyo maana hana TIN.

JichoLaMwewe: Kama vifaranga wapo kweli, tuambie sasa hivi wamekaaje.

StooKipa: Wana siku 3. Wamebanana chini ya balbu, kona ya mbali na mlango, wanapandana na kulia bila kunyamaza. Wawili wamelala tu.

JichoLaMwewe: Acha simu. Hiyo ni baridi, na upepo unaingia mlangoni. Zungushia maboksi upate duara, kona zife, maana humo ndimo wanamokanyagana mpaka kufa. Tundika gunia mlangoni. Washa mkaa nje kwenye sigiri mpaka moshi uishe na uwe mwekundu wote, ndipo uingize, na juu ya ukuta acha nafasi ya hewa. Mkaa kwenye banda lililofungwa unaua usiku mmoja. Unataka nyuzi 32 hadi 35, ukipima usawa wa mgongo wa kifaranga. Wale wawili wachovye midomo kwenye maji ya uvuguvugu yenye glukosi.

StooKipa: Nimefanya. Sasa wametawanyika, wengine wanadonoa. Mmoja wa wale wawili amesimama.

JichoLaMwewe: Wakisogea mbali na moto huku midomo wazi, ni joto, punguza mkaa.

StooKipa: Chanjo je?

Trei30: Ya Marek, ugonjwa wa kupooza, huchomwa walikototolewa, ulizia. Kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14 na marudio ya 28. Dawa isafiri ndani ya barafu. Ikipanda boda mfukoni mwako umenunua maji. Wanyime maji kwa saa moja au mbili, halafu wape chanjo ndani ya maji ya kisima yasiyo na klorini, wamalize ndani ya saa 2. Barua je?

StooKipa: Bosi amepiga mara 3 leo. Sikupokea.

Trei30: Kesho Jumapili atapiga tena. Pokea.