Naomba ushauri: tumeanza kujenga shule kabla ya kibali

Habari zenu wakuu. Mimi na mume wangu tunaendesha kituo cha kulelea watoto mchana hapa Morogoro, kimesajiliwa kupitia ustawi wa jamii. Wazazi wanatusihi tufungue shule ya awali na msingi, nasi tukaingia kazini kwa furaha. Madarasa mawili yamefika kwenye lenta.

Ndipo nikaelezwa kuwa Wizara ya Elimu ina hatua tatu: kibali cha kujenga, kuthibitishwa mwenye shule na meneja wake, kisha usajili wenyewe baada ya wathibiti ubora kukagua. Sisi tumerukia katikati! Tena fundi alipanga matundu manne tu ya vyoo, wakati kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25.

Hati ya kiwanja nayo bado ina jina la marehemu baba mkwe, mirathi haijafungwa.

Kuna ndugu anatushauri tupokee darasa la kwanza Januari kimya kimya, usajili utafuata. Moyo unakataa. Shule ikikosa namba ya usajili, hawa watoto watafanyaje upimaji wa darasa la nne? Siwezi kucheza na watoto wa watu.

Aliyepitia haya anisaidie: tusimamishe ujenzi kwanza, au twende kwa mthibiti ubora wa wilaya tueleze ukweli? Na mirathi itatukwamisha kwenye kibali?