Mrejesho: sabufa yangu ya Chake Chake

Assalaam alaykum. Niliuliza kwa nini sabufa yangu mpya (spika ya besi) ya inchi 10 inavuma tu pale kwenye kona, hata besi la taarab halisikiki vizuri. Mkanambia niiweke pale ninapokaa, nipige muziki, kisha nitambae kando ya ukuta nikitafuta pahala besi linaposikika safi, hapo ndipo niihamishie sabufa.

Nimefanya, wallahi! Pahala penyewe ni ubavuni mwa kabati, hatua mbili kutoka kona. Krosova, yaani ule mpaka ambao sabufa hupiga sauti za chini yake tu, nimeiweka Hz 80, sauti nikaipunguza kidogo. Sasa besi unalisikia linavyotembea, uzi kwa uzi, na filamu zinatikisa kifua bila ya kugongesha madirisha. Mama naye karidhika.

Aliyenipa fikra ya kutambaa, Mungu akuzidishie. Nilikuwa karibu kuirudisha dukani.